Baada ya "was" uweke nini? Mwongozo wa "by", "with", "to", "a" na "the" kwenye sentensi za kutendwa

"I was stolen my phone." Kama sentensi hiyo imekupita bila kukushtua, mwongozo huu ni wako.

Nafundisha Kiingereza jioni: vijana wa kidato cha tatu na cha nne, pamoja na watu wazima wanaojiandaa na usaili wa kazi. Maswali ni yale yale kila msimu. Hakuna anayeniuliza kuhusu "is", "was" wala "has been", kwa kuwa jedwali la nyakati wamelikariri hadi usingizini. Wanakwama neno moja mbele. Niweke "by" au "with"? Ni "married by" au "married with"? Hapa "the" inaingia? Nimechoka kuandika majibu hayo ubaoni, basi nayaweka hapa kwa mpangilio ninaoutumia darasani.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi:

- Daftari ambalo utalitumia kwa kazi hii tu.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ya karatasi au ya kwenye simu. Kamusi hizo huweka alama C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Nyingi huonyesha pia kihusishi (kineno kama "by", "with" au "to") kinachoandamana na kitenzi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitakusaidia hapa.
- Umbo la tatu la vitenzi vya kawaida: "steal, stole, stolen", hilo la mwisho. Kama bado linakusumbua, malizana nalo kwanza.
- Sentensi kumi za kutendwa za Kiswahili kutoka kwenye maisha yako. Aliyekukopa, aliyekusengenya, mvua iliyokunyeshea. Usitumie "A letter was written by John", maana John na barua yake hawajamfikisha mtu popote.

Hatua ya 1. Tazama mwisho wa kitenzi cha Kiswahili

Walimu wengi watakukataza kufikiri kwa Kiswahili. Mimi nakuomba ufikiri kwa Kiswahili, ila kwa macho makali, kwa sababu kitenzi chetu hubeba tumboni habari ambazo Kiingereza huzitawanya kwenye vineno vidogo. Chukua sentensi zako kumi, upige mstari chini ya mwisho wa kila kitenzi.

Ukiona -ka, kama "kikombe kimevunjika", hiyo ni hali. Hakuna anayelaumiwa, na "by" haina kazi: "The cup is broken."

Ukiona -wa ya kawaida, kama "kikombe kimevunjwa", kuna mtenda, awe ametajwa au amefichwa. Nenda hatua ya 2.

Ukiona -iwa, -ewa au -liwa, kama "nimeibiwa", "nimeletewa", "kimekaliwa", simama. Mara nyingi kitenzi hicho kimemeza kihusishi, na Kiingereza kitakudai ukitapishe. Hapo ndipo makosa mengi yalipo, nayo hatua ya 4 imekuwa ndefu kwa sababu hiyo. Usidanganyike na vitenzi kama "kuambiwa" au "kununuliwa", ambavyo huishia hivyo bila kumeza kihusishi. Jiulize kama kuna mtu au mahali palipofanyiwa jambo.

Hatua ya 2. Amua kama mtenda anastahili kutajwa

"Mwizi amekamatwa na polisi." Nani mwingine angemkamata? "A thief has been arrested" inatosha. Ukitaka kuwataja, ni "by the police", kwa kawaida na "the". Futa pia "by someone" na "by people" popote utakapozikuta. Ukimfuta mtenda umejiondolea kihusishi kimoja na "a" au "the" moja kwa mpigo, na makosa yake umeyakwepa.

Hatua ya 3. Badili "na" kuwa "by", na "kwa" kuwa "with", kisha ukague

Hii ndiyo kanuni ya kuanzia, nayo hufanya kazi mara nyingi. "Mlango ulifunguliwa na mlinzi kwa ufunguo" inatoka moja kwa moja: "The door was opened by the watchman with a key." Mtu ni "by", kifaa ni "with".

Tofauti hiyo si urembo. "He was hit by a stone": jiwe limempata, pengine limeporomoka tu. "He was hit with a stone": kuna mkono ulioshika jiwe. Kwenye maelezo ya polisi, hiyo inaweza kuwa kesi au isiwe kesi.

Sasa ukaguzi. "Kwa" hukataa kuwa "with" katika sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni njia na namna: "The goods were brought by ship", "The letter was delivered by hand", "It was deleted by mistake." Katika misemo hii hakuna "a" wala "the" baada ya "by". Ukiandika "by the hand" umesema jambo lingine kabisa: "The child was led by the hand" ni mtoto aliyeshikwa mkono akaongozwa. Fedha taslimu nazo zina lao: "I was paid in cash."

Ya pili ni malighafi. Meza imetengenezwa kwa mbao, na unga hutengenezwa kwa mahindi. Sisi tunatumia "kwa" zote mbili. Kiingereza kinauliza kama malighafi bado unaiona. Mbao unaziona: "The table is made of wood." Mahindi yamegeuka kitu kingine: "The flour is made from maize." Viungo vya chakula huchukua "with": "This pilau is made with beef."

"Na" nayo ina ukaidi wake, na huwa mkubwa zaidi kwenye hisia. "Ninavutiwa na kazi hii" si "interested with" wala "interested by" kwenye barua ya maombi, ni "I am interested in this job." Nimefurahishwa na matokeo: "pleased with the results". Nimechoshwa na kelele: "tired of the noise". Ana wasiwasi na mtihani: "worried about the exam".

Halafu ndoa. "Ameolewa na Juma" ni "She is married to Juma." Ukisema "She was married by Juma", msikilizaji ataelewa kwamba Juma ndiye kadhi au padri aliyefungisha ndoa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivyo kuhusu dada yake, na tulicheka mpaka kipindi kikaisha. Yeye mwenyewe hakosei tena.

Hatua ya 4. Kitapishe kitenzi kihusishi kilichokimeza

Fanya hivi: geuza sentensi ya Kiingereza iwe ya kutenda kwanza, uone kama kitenzi kina kihusishi nyuma yake. Kama kipo, hakiachwi njiani. Kinabaki kimegandamana na kitenzi hata mtendwa anapohamia mbele.

"Alichekwa na wenzake." Kwa kutenda: "The other pupils laughed at him." Basi kwa kutendwa: "He was laughed at by the other pupils." Vihusishi viwili vimekaa bega kwa bega, "at by", na si kosa. Wanafunzi huogopa jozi hiyo, wakaondoa kimoja, na daima huondoa kile kinachohitajika.

Jizoeze na hizi:

- Mtoto alilelewa na bibi yake. "The child was looked after by his grandmother."
- Suala lile lilishughulikiwa na meneja. "The matter was dealt with by the manager." "Dealt by" ni kosa ninalolisahihisha kuliko yote.
- Kitanda hiki hakijalaliwa. "This bed has not been slept in."
- Kiti kimekaliwa hadi kikavunjika. "The chair was sat on until it broke."
- Nilinyeshewa. "I was rained on." Kama mvua ilikukuta njiani: "I was caught in the rain."

Linganisha sasa hizi mbili za hotelini. "The bill was paid by my uncle", lakini "The food was paid for by my uncle." Bili unailipa yenyewe, chakula unakilipia. Kiswahili kinatofautisha vilevile, kulipwa na kulipiwa. Ile -iwa ndiyo "for" yako.

Turudi kwa simu. Kiswahili sanifu kina "kuibwa" na "kuibiwa". Kinachoibwa ni kitu, anayeibiwa ni mtu. "Steal" ya Kiingereza ni ndugu wa "kuibwa" peke yake, kwa hiyo mbele yake kinakaa kitu: "My phone was stolen." Ukitaka mtu akae mbele, badili kitenzi: "I was robbed of my phone." Ila "rob" ina harufu ya nguvu au vitisho. Umekabwa uchochoroni? "Robbed of." Umechomolewa kwenye daladala bila kujua? "My phone was stolen on the bus." Ukienda kituoni kuchukua RB (namba ya taarifa ya polisi) kwa Kiingereza, chagua kwa makini.

Onyo: wengine wakishajua kanuni hii huanza kubandika vihusishi hata pasipohitajika. "Discuss", "request" na "emphasize" havina kihusishi kwa kutenda, kwa hiyo hata kwa kutendwa havinacho. "The issue was discussed", bila "about". "A form was requested", bila "for". "This point was emphasized", bila "on". Utazisikia hizo zenye nyongeza kwenye semina na hata redioni. Mtihani hautakusamehe kwa sababu hiyo.

Hatua ya 5. Kariri kitenzi pamoja na mkia wake

Baadhi ya vitenzi havina mantiki, vina mazoea tu. Usiandike "accused" peke yake kwenye daftari. Andika "accused of". Panga kwa habari moja, si kwa alfabeti. Ya kwangu ya mahakamani ni hii:

"A man was arrested for theft. The man was taken to court, charged with stealing a goat, convicted of the offence and sentenced to six months in prison."

Isome mara tano. Mikia ni mitano: "for", "to", "with", "of", na "to" tena. Tazama pia mwanzo, "a man" anapoingia mara ya kwanza, kisha "the man" tunapokuwa tumeshamjua. Mbuzi naye ni "a goat", maana hatujawahi kumsikia. Na "court" na "prison" zimekaa tupu, tutazirudia.

Vingine vya kukariri kwa jozi: "known as" ni jina, "known for" ni sifa. "Julius Nyerere was known as Mwalimu." "Pemba is known for its cloves." Mtu anayefahamika na wengine ni "known to": "He is known to everyone in the village."

Hatua ya 6. Chagua "a" au "the" kwa mtendwa aliye mbele

Watu husema Kiswahili hakina "the". Hakina kama neno, lakini maana yake tunayo. "Wameiba baiskeli" na "Wameiiba baiskeli" si sentensi moja. Ya pili, yenye kiambishi cha mtendwa, inahusu baiskeli tunayoijua mimi na wewe. Tatizo ni kwamba kwenye kutendwa kiambishi hicho hupotea: "Baiskeli imeibwa" inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili.

Basi irudishe sentensi kwenye kutenda. Ungeweka kiambishi? Kama ungekiweka, andika "The bicycle has been stolen." Kama usingekiweka, "A bicycle has been stolen." Mbinu hii haifai kwa binadamu, kwa kuwa "wamemkamata" huwa na -m- kila mara. Kwa watu jaribu kuingiza "mmoja" au "yule". "Mtu mmoja amekamatwa" ni "a man". "Yule mtu amekamatwa" ni "the man".

Kisha fungua kamusi uangalie C na U. "Advice", "information", "furniture", "equipment" na "luggage" zina U, hazikubali "a" wala "s". "I was given an advice" ni kosa, andika "I was given some advice."

Hatua ya 7. Chagua "a", "the" au uwazi baada ya kihusishi

Viungo vya mwili. Kiswahili kina -ni moja: alipigwa kichwani, aliumwa mguuni. Kiingereza kinataka kihusishi, kisha "the", na mara chache sana "his". "He was hit on the head." "He was shot in the leg." "She was grabbed by the arm." "On" ni juu ya ngozi, "in" ni kuingia ndani, isipokuwa sehemu kama uso, tumbo na jicho, ambazo hupigwa "in" hata kama hakuna kilichoingia: "punched in the face", "hit in the stomach".

Kazi. "I was employed as driver" ni kosa linaloharibu barua nzuri. Madereva ni wengi, kwa hiyo "as a driver". Cheo cha mtu mmoja tu kinaweza kukaa kitupu: "She was elected president", "He was appointed head teacher." Majaji wa Mahakama Kuu ni wengi, kwa hiyo "He was appointed a judge of the High Court."

Mataifa. Majina ya watu wa taifa yanayoishia na "-ese", "-sh" na "-ch" hudai "the": "Fort Jesus was built by the Portuguese between 1593 and 1596", "Tanganyika was later ruled by the British." Ukiandika "by Portuguese" msomaji anasubiri neno linalofuata: "by Portuguese" nani? Mafundi? Wanajeshi?

Maji na nchi kavu. Bahari, mito na mikondo huchukua "the". Ziwa lenye "Lake" mbele yake halichukui. "Zanzibar is separated from the mainland by the Zanzibar Channel." "Mwanza is located on the shores of Lake Victoria."

Na ule uwazi wa "court" na "prison". Mtu akipelekwa mahali kwa shughuli yenyewe ya mahali hapo, hakuna "the": "sent to prison" ni mfungwa, "taken to court" ni mshtakiwa, "admitted to hospital" ni mgonjwa. Aliyekwenda kupeleka chakula tu anakwenda "to the prison". Wamarekani husema "taken to the hospital" hata kwa mgonjwa, kwa hiyo usishangae ukiliona kwenye filamu. Kwenye mitihani yetu fuata Waingereza.

Hatua ya 8. Kagua kwa kurudi nyuma

Irudishe kila sentensi ya Kiingereza kwenye kutenda, kwa sauti. Ikigoma kurudi, kuna kitu umekiacha. "The matter was dealt by the manager" ikirudi inakuwa "The manager dealt the matter", kama vile anagawa karata.

Ukikwama

*Nimeandika "I was explained the rules" na mwalimu ameikata.* "Nilielezwa" ni sahihi kwetu, lakini "explain" hairuhusu mtu akae mbele: "The rules were explained to me." "Say" na "suggest" ni vivyo hivyo. Vitenzi vinavyomruhusu mtu ni "give", "tell", "show", "teach" na "pay": "I was told", bila "to". Jihadhari na "I was reported", ambayo maana yake umeshtakiwa kwa mkubwa.

*"Nilifiwa na baba" naisemaje?* Usiigeuze. "I lost my father" au "My father died."

*"Is consisted of" ni sahihi?* Hapana. "Consist" haitendwi kabisa. "The team consists of five people", au tumia "is made up of".

*Nachanganya "used to".* Baada ya "am" au "is" kuna mbili. "I am used to the heat" ni nimezoea, na "to" hapo ni kihusishi, ndiyo maana "the heat" inafuata. "A knife is used to cut meat" ni kutumika, na baada ya "to" kuna kitenzi. Kukiwa na "for" kitenzi huongezwa "-ing": "used for cutting meat".

*Kwenye usaili nimesema "I am born in Tanga in 1998" wakatabasamu.* Hiyo ni -me- ya "nimezaliwa" iliyokuvuta. Kuzaliwa kumeshapita: "I was born." Mji ni "in", mwaka ni "in", lakini tarehe kamili ni "on": "I was born in Tanga on 4 May 1998." Ukitaja jina la hospitali, ni "at".